Freni ya pikipiki inaonya mbele ya kukatika

Chukua mfano huu. Asubuhi pikipiki moja inatoka Kasongo kuelekea Kabambare. Juu yake kuna dereva, mama mmoja anayekwenda kuuza sokoni, na bidoni tatu za mafuta ya mawese, kila moja lita 20. Pikipiki yenyewe ina uzito wa karibu kilo 120, dereva 65, mama 60, na bidoni tatu karibu kilo 55. Jumla ni kilo 300. Usiku mvua ilinyesha. Mbele kuna mteremuko mrefu wa udongo, na chini yake daraja la miti.

Pale juu ya mlima, kitu kinachowalinda watu hawa wawili ni vipande viwili vilivyofichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Vikiwa vipya, unene wao ni milimita chache tu. Gurudumu la mbele nalo lina freni yake, lakini kable yake imefunguliwa zamani. Dereva anasema freni ya mbele inaangusha watu.

Kisha ajali, neno ni lile lile: "Freni ilikatika." Lakini freni ya pikipiki haikatiki mara nyingi bila kuonya. Inaonya kwa juma nzima, wakati mwingine kwa mwezi: pedali inashuka, gurudumu linalia, harufu inatoka. Shida ni kwamba onyo halisikilizwi, ao linasikilizwa na kutengenezwa vibaya. Makala hii inaeleza freni inafanya kazi namna gani, dalili zake zina maana gani, na kama ni vizuri kutumia pesa kwa kuweka freni ya disiki, kama vile vijana wengi wanavyotamani.

Ndani ya gurudumu kunafanyika nini?

Pikipiki nyingi za kazi katika Maniema ya kusini, ikiwa ni Boxer ya Bajaj, TVS ya India, ao zile zinazotoka China, ziko na freni ya tamburu nyuma, na mara nyingi mbele pia. Tamburu ni kama sufuria ndogo iliyo katikati ya gurudumu, na inazunguka pamoja nalo. Ndani yake kuna garnitire mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Hizo hazizunguki, zinashikwa na sahani inayofunika tamburu.

Dereva akikanyaga pedali, fimbo ya chuma inavuta kimkono kilicho nje ya ile sahani. Kimkono kinageuza chuma bapa kilicho kati ya ncha za garnitire, kile ambacho mafundi wanakiita kamu. Kamu ikigeuka, garnitire zinafunguka na kusugua ukuta wa tamburu. Dereva akiachilia pedali, resori zinazirudisha garnitire mahali pao. Mbele ni namna ile ile, ila kable inachukua nafasi ya fimbo.

Ufundi huu ni wa zamani. Mfaransa Louis Renault alitumia freni ya tamburu kwenye motokari tangu mwaka 1902. Unaendelea kutumiwa hadi leo kwa sababu ni rahisi, bei yake si kubwa, na fundi aliye na vyombo vichache anaweza kuutengeneza chini ya mti.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wanasahau: freni haimezi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Ile pikipiki ya kilo 300, ikishuka mlima ambao juu na chini vinatofautiana mita 100, na ikazuiliwa na freni peke yake, inatoa joto linaloweza kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 95. Hiyo ni karibu na kuchemka. Kama freni ya nyuma ndiyo peke yake inayofanya kazi, joto lile lote linaingia katika sufuria yenye upana wa sentimita 11 ao 13. Ndiyo maana pikipiki iliyoshika vizuri pale mjini Kasongo inaweza kukataa kushika katikati ya mlima.

Dalili na maana yake

Pedali inashuka sana kabla freni kushika. Mara nyingi garnitire zimelika. Zinavyopungua, kamu inapaswa kugeuka zaidi ili zifikie ukuta. Kukaza ekuru (nati) ya nyuma kunasaidia, lakini kama ekuru inakazwa kila siku mbili, garnitire zinaomba kubadilishwa.

Freni inalia kama chuma juu ya chuma. Inawezekana ni vumbi na mchanga tu. Inawezekana pia kwamba nyama ya garnitire imeisha kabisa, na sasa chuma chake kinakwaruza tamburu. Hapo kila kilometa inaharibu kitu cha bei kubwa kuliko garnitire yenyewe.

Freni inashika kidogo tu hata ukikanyaga kwa nguvu. Sababu zinaweza kuwa tatu. Ya kwanza ni maji ao matope ndani ya tamburu. Ya pili, garnitire zimekuwa kama kioo kwa sababu ya joto: zinang'aa na kuteleza. Ya tatu, mafuta yameingia. Yanaweza kutoka kwa grisi ya rulema za gurudumu, ao kwa mafuta machafu ya injini ambayo watu wanamwaga kwa wingi juu ya cheni.

Freni inashika kwa kuruka-ruka, pedali inapiga mguu. Tamburu haiko tena duara sawasawa. Labda ilipata joto kubwa, ao reyo za gurudumu zimelegea na kulivuta upande mmoja.

Freni inashika lakini hairudi. Kable imeota kutu, ao kamu imekauka bila grisi, ao resori zimechoka. Gurudumu linaendelea kusuguliwa njiani, petroli inaisha haraka, na tamburu inakuwa ya kuunguza mkono.

Gurudumu linapata joto mara tu baada ya kukaza cheni. Hii inawapata wengi bila kujua sababu. Gurudumu la nyuma likirudishwa nyuma ili cheni ikaze, fimbo ya freni nayo inavutwa, na freni inajikaza yenyewe. Kila mara cheni ikikazwa, freni ya nyuma inapaswa kupimwa upya.

Kufungua na kupima

Kazi hii inaomba funguo za kawaida, msasa, kitambaa kikavu, grisi kidogo na saa moja ya utulivu. Pikipiki isimamishwe juu ya mguu wake mkubwa, mahali palipo sawa, na injini iwe imepoa.

Kwanza, kabla ya kufungua kitu chochote, aangalie kimkono cha nje. Pikipiki nyingi ziko na alama ndogo ya mshale kwenye kimkono na alama ingine kwenye sahani. Mtu akanyage pedali mpaka mwisho. Kama mshale umefikia ao umepita ile alama, garnitire zimekwisha. Hakuna haja ya mjadala mwingine.

Pili, gurudumu likishatoka, vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Kwa miaka mingi garnitire zilitengenezwa kwa amianti, madini yanayoleta kansa ya mapafu mtu akivuta vumbi lake. Nchi nyingi zimekataza amianti, kwa mfano Umoja wa Ulaya tangu 2005, lakini kwa piesi zisizokuwa na jina mtu hawezi kujua zina nini. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kile kitambaa kitupwe mbali na watoto.

Tatu, apime unene wa garnitire, pale zilipolika zaidi. Ikibaki milimita 2 ao chini yake, zote mbili zibadilishwe pamoja. Kubadili moja na kuacha ingine ni kupoteza pesa. Zikiwa bado nene lakini zinang'aa kama kioo, zisuguliwe kwa msasa mpaka sura ya vumbi irudi. Zikiwa zimelowa mafuta, zitupwe. Kuziosha kwa petroli ao kuzichoma motoni hakuondoi mafuta yaliyoingia ndani. Yatarudi juu siku freni itakapopata joto, maana yake siku ile ile inayohitajiwa zaidi.

Nne, aangalie ukuta wa tamburu. Mikwaruzo midogo si kitu. Mfereji unaoshika ukucha ni shida. Tamburu nyingi zimeandikwa ndani yake kipimo cha mwisho, kwa herufi MAX na namba ya milimita. Tamburu ikipita kipimo kile, garnitire mpya hazitaifikia vizuri hata zikiwa za kweli.

Tano, kamu itolewe, isafishwe, ipakwe grisi kidogo sana pale inapozungukia na pale inapogusa garnitire. Kidogo sana maana yake ni kama utelezi tu wa kidole. Grisi ikizidi, itayeyuka na kufika kwenye garnitire.

Sita, wakati wa kufunga, aangalie chuma kirefu kinachoshika ile sahani kwenye mwili wa pikipiki ili isizunguke. Buloni yake inapaswa kuwa na kipini cha kuizuia isifunguke. Ni kitu kidogo ambacho kinasahauliwa sana baada ya kupachua mpira. Kama buloni ile inatoka njiani, sahani inazunguka pamoja na gurudumu, inapinda fimbo, na gurudumu linaweza kufunga ghafula.

Mwisho, kukaza. Ekuru ikazwe huku gurudumu linazungushwa kwa mkono, mpaka lianze kusuguliwa. Kisha irudishwe kidogo kidogo mpaka gurudumu liwe huru. Kwa kawaida pedali inapaswa kwenda bure sentimita 2 hadi 3 kabla ya freni kuanza kushika. Mkono wa freni ya mbele, kwenye ncha yake, sentimita 1 hadi 2.

Garnitire mpya hazishiki kwa nguvu zote siku ya kwanza. Zinaomba kilometa mia moja hivi za kutumia freni kwa upole ili zipate sura ya tamburu. Mtu aliyebadili garnitire saa kumi na mbili asubuhi asipakie kilo 150 saa moja.

Njia za mkato zinazoumiza watu

Piesi nyingi zinatoka mbali mbele ya kufika Kasongo, na kutoka Kasongo hadi Kabambare ao Salamabila bei inaongezeka tena. Kwa hiyo ufundi wa kujisaidia umezaliwa kila mahali. Kuna ule unaofaa, na kuna ule unaoua.

Wa kwanza unaoua ni kuruka jino. Garnitire zikiisha, fundi anafungua kimkono cha nje, anakigeuza jino moja ao mawili, na kukifunga tena. Pedali inarudi juu, na dereva anafurahi. Lakini nyama haikuongezeka. Kamu sasa inageuka kupita kiasi, na inaweza kulala upande na kukwama, freni ikiwa imeshika ao ikiwa imekataa kabisa. Tena ule mshale wa kuonya umeharibiwa, maana sasa unaonyesha uongo.

Wa pili ni kuweka kipande cha bati kati ya kamu na garnitire. Ni hesabu ile ile: kuficha ugonjwa. Bati likichomoka ndani ya tamburu, hakuna mtu anayejua litasimama wapi.

Wa tatu ni kufunga waya wa kawaida mahali pa kable iliyokatika. Waya unanyooka, unajikunja, unakatika bila dalili. Kable ya kweli ni nyuzi nyingi zilizosokotwa. Moja ikikatika, ingine inashika, na macho yanaweza kuona nyuzi zilizokatika karibu na mkono wa freni. Kuiona mapema ndiyo faida yake.

Wa nne ni kumwagia maji tamburu iliyo na joto kubwa. Chuma kikipoa ghafula kinaweza kupinda ao kupasuka. Afadhali kusimama, kuketi kivulini nusu saa, na kuacha upepo ufanye kazi.

Freni ya mbele: adui ao rafiki?

Sasa tufike kwenye ile kable iliyofunguliwa. Wamotari wengi wana woga na freni ya mbele, na woga huu haukutoka hewani. Kwenye udongo wenye maji, ao kwenye kona, mtu akiivuta kwa nguvu ghafula, gurudumu la mbele linafunga, linateleza, na pikipiki inalala chini kabla dereva hajasema neno. Aliyeanguka namna hiyo mara moja hataki kurudi.

Lakini kuifungua kabisa ni kukata mkono kwa sababu ya kidole. Pikipiki ikizuiliwa, uzito unakimbilia mbele. Abiria yeyote anajua hilo: anasukumwa kwenye mgongo wa dereva. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini na linapata nguvu ya kushika. La nyuma linakuwa jepesi na linateleza haraka.

Hesabu inaonyesha tofauti. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 11 kila sekunde. Kwenye njia kavu na ngumu, mtu anayetumia freni zote mbili vizuri anaweza kusimama katika mita 10 hivi tangu freni ziliposhika. Mwenye freni ya nyuma tu anaweza kuhitaji mara mbili yake, yaani karibu mita 20. Mita 10 za tofauti ni upana wa uwanja wa nyumba. Ni mtoto aliyekimbilia mpira. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, urefu wa kusimama unakuwa mara nne.

Mzigo unabadilisha jambo kidogo. Bidoni zikiwa nyuma kabisa, gurudumu la nyuma linashika zaidi kuliko kawaida, na la mbele linakuwa jepesi hata kwa kukata kona. Kwa hiyo dereva mwenye mzigo mzito anategemea freni ya nyuma zaidi, na hilo si kosa. Kosa ni kuitegemea hiyo peke yake. Na dawa nzuri kuliko zote ni kuleta mzigo mbele, karibu na mgongo wa dereva, na kuupunguza.

Namna ya kutumia mbele bila kuanguka inajifunzwa kwa siku chache. Ianzie kwenye njia kavu, iliyonyooka, bila abiria, kwa mwendo wa pole. Nyuma inaanza, mbele inafuata mara moja. Vidole viwili vinavuta taratibu, kama mtu anayekamua chungwa; havinyakui. Kwenye kona, ao kwenye matope, vidole vinaachilia, na mwendo unapaswa kuwa umepunguzwa kabla ya kufika pale.

Sheria nayo iko wazi. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unaomba kila pikipiki iwe na freni mbili: moja inayoshika gurudumu la nyuma, na ingine inayoshika la mbele. Yule anayefungua kable ya mbele amejiondolea nusu ya kinga yake.

Kwenye mteremuko

Kuna desturi ingine inayopunguza petroli na kuongeza makaburi: kutoa vitesi, ao kuzima injini kabisa, na kuacha pikipiki iteremuke yenyewe. Petroli inayookolewa ni kidogo. Kitu kinachopotea ni freni ya tatu, yaani injini. Injini iliyo kwenye vitesi ya chini inazuia magurudumu bila kupasha tamburu joto.

Kanuni ya wazee wa barabara ni nyepesi: shuka mlima kwa vitesi ile ambayo ungeupandia. Kama kupanda kunaomba vitesi ya pili, kushuka pia ni ya pili. Freni zitumiwe kwa vipindi: kupunguza mwendo, kisha kuachilia ili tamburu ipumue. Pedali ikianza kushuka, ao harufu ya kuungua ikitoka, dereva asitafute ushujaa. Asimame mahali salama wakati freni bado zinaweza kumsimamisha, na abiria ashuke atembee.

Wakati wa mvua kuna jambo la kuongeza. Baada ya kupita kijito, tamburu inaweza kuwa imejaa maji. Maji yanatengeneza utelezi kati ya garnitire na ukuta. Dereva aende polepole mita mia kadhaa huku anakanyaga freni kidogo, mpaka joto likaushe ndani. Afanye hivyo mara tu akitoka majini, asisubiri mlima unaofuata. Na kama alipita matope yenye kufika katikati ya gurudumu, tamburu ifunguliwe siku ile ile jioni. Mchanga uliobaki ndani unasaga garnitire kama jiwe la kusagia.

Je, kuweka disiki kunafaa?

Vijana wengi wanapenda pikipiki yenye disiki mbele. Disiki ilijulikana zaidi kwenye pikipiki tangu 1969, wakati Honda ilipoleta CB750 yenye freni ya disiki ya mafuta, pikipiki ya kwanza ya namna hiyo kutengenezwa kwa wingi. Faida zake ni za kweli. Disiki iko nje kwenye upepo, inapoa haraka, na maji yanaruka yenyewe. Kidole kimoja kinatosha kuleta nguvu nyingi.

Lakini kubadili tamburu kwa disiki si kununua kipande kimoja. Inaomba gurudumu lenye mahali pa kufunga disiki, miguu ya mbele yenye mahali pa kufunga kifaa kinachobana, pampu ya kwenye gidoni, mpira wa kupitisha mafuta, na plaketi. Vyote vinapaswa kutoka kwenye pikipiki ya aina ile ile iliyotengenezwa na disiki. Kuchomelea chuma kwenye mguu wa mbele ili kushika kifaa cha pikipiki ingine ni hatari kubwa: nguvu yote ya kusimama inapita kwenye ule mchomeleo mmoja, na ukiachia, unaachia wakati freni imevutwa kwa nguvu.

Kisha kuna mafuta ya freni. Kwenye chupa yameandikwa DOT 3 ao DOT 4. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi 205 ao zaidi, DOT 4 kwa nyuzi 230 ao zaidi. Lakini mafuta haya yanavuta maji ya hewani. Yakishaingiwa na maji, kipimo cha DOT 3 kinashuka hadi nyuzi 140, na cha DOT 4 hadi 155. Yakichemka, yanakuwa mvuke, na mkono wa freni unafika kwenye gidoni bila kushika kitu. Ndiyo maana yanabadilishwa kila miaka 2, na chupa iliyokaa wazi dukani haifai. Mafuta ya injini ao ya mawese hayawekwi hata tone moja: yanavimbisha mipira ya ndani na freni inakufa.

Mkono wa freni ya disiki ukiwa laini kama sifongo, hewa imeingia. Inatolewa kwa watu wawili: mmoja anabana mkono, mwingine anafungua buloni ndogo ya chini na kuifunga kabla mkono haujaachiliwa, mara nyingi, mpaka mafuta yatoke bila mapovu, huku chupa ya juu inaongezwa isikauke.

Kwa hiyo jibu ni hili. Yule anayenunua pikipiki mpya na anaweza kupata plaketi na mafuta ya freni karibu naye, achague disiki ya mbele bila wasiwasi. Yule aliye na tamburu, pesa yake ya kwanza isiende kwenye disiki. Iende kwenye garnitire za kweli mbele na nyuma, kable mpya, kamu iliyopakwa grisi, na mipira yenye meno. Tamburu mbili zilizo na afya zinasimamisha pikipiki vizuri kuliko disiki moja ya kuchomelea, na bei yake ni ndogo sana.

Nani analipa garnitire?

Swali hili linaleta ugomvi kuliko lile la ufundi. Wamotari wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumletea pesa kila siku ao kila juma. Garnitire zikiisha, mwenye pikipiki anasema dereva alizila, dereva anasema mali si yake. Wakiwa bado wanabishana, pikipiki inaendelea kubeba watu.

Njia ya kumaliza ugomvi ni kupatana mbele ya kazi, si baada ya ajali: piesi za freni ni za mwenye pikipiki, kuzisafisha na kuzikaza ni kazi ya dereva, na siku ya garaji haidaiwi pesa. Mwenye pikipiki anayefikiri kwamba anapata hasara aweke upande mmoja bei ya garnitire, na upande mwingine bei ya miguu ya mbele iliyopinda, dawa za hospitali na kesi ya familia ya abiria. Hesabu itajibu yenyewe.

Abiria pia ana sauti. Mbele ya kupanda, anaweza kuomba dereva abane mkono wa freni ya mbele na asukume pikipiki. Kama gurudumu la mbele linazunguka, hakuna freni pale. Hiyo inachukua sekunde tano na haiombi ufundi wowote.

Dakika mbili kila asubuhi

Bana mkono wa mbele, sukuma: pikipiki inakataa kwenda? Kanyaga pedali, sukuma: inakataa? Pedali inashuka sentimita 2 ao 3, hazizidi? Ule mshale haujafika alama? Kable haina nyuzi zilizokatika? Buloni ya chuma kinachoshika sahani iko na kipini chake? Magurudumu yanazunguka huru freni zikiachiliwa?

Jibu moja likiwa hapana, mzigo usubiri. Bidoni za mawese zinaweza kulala Kasongo usiku mmoja zaidi, na mama wa sokoni atafika kesho akiwa mzima.